Mandhari ndiyo sehemu rahisi

Watu wakisikia kwamba kwa miaka kadhaa nimefanyia kazi zangu za uhariri kwenye nyumba za pamoja za vijijini, swali lao la kwanza huwa la mandhari. Kuna mto? Ukiamka unaona milima? Nawajibu kwamba ndiyo, ipo, tena inapendeza kuliko kwenye picha. Ila mandhari ndiyo sehemu rahisi. Ilikuwepo kabla ya nyumba kujengwa, haina zamu ya kuosha vyombo, haigombani na mtu. Kinachomfanya mtu akae, au afungashe virago kabla ya muda wake, ni vitu ambavyo hakuna anayevipiga picha: kasi ya kupakia mafaili, kiti, sinki, na nani atakuwa bado yupo mwezi ujao.

Kwa asiyezifahamu nyumba hizi: mara nyingi ni jengo kubwa la zamani lililokarabatiwa, shule iliyokosa wanafunzi au nyumba ya shamba ambayo warithi wake walihamia mjini. Kila mtu ana chumba chake. Jikoni ni moja, ukumbi wa kazi ni mmoja, na kodi inajumlisha umeme, maji na intaneti. Si hoteli, kwa sababu chombo ulichochafua unakiosha mwenyewe. Si nyumba ya kupanga ya kawaida pia, kwa kuwa mkataba ni wa wiki au miezi, na wenzako hukuwachagua. Wanaokuja ni watengeneza programu, wafasiri, wahasibu, walimu wa mtandaoni, watu wa huduma kwa wateja. Yeyote ambaye mwajiri wake hajali amekaa wapi mradi kazi ifike.

Jack Nilles, mhandisi wa Marekani aliyeanza kuichunguza kazi ya mbali mwanzoni mwa miaka ya 1970, hakuwa akimfikiria mtu aliyejifungia chumbani. Jaribio lake lilihusu ofisi ndogo zilizo karibu na makazi ya wafanyakazi, ili wasipoteze saa barabarani kwenda makao makuu. Watu wangekuwa karibu na nyumbani, lakini bado wangekuwa na wenzao. Kujifungia chumbani kulikuja baadaye, intaneti ilipofika hadi kitandani. Wengi niliowakuta kwenye nyumba hizi hawakukimbia mji. Walikimbia chumba.

Nianze na intaneti, maana bila hiyo hakuna la kujadili. Matangazo yote yanasema ni ya kasi. Kasi inayotajwa huwa ya kupakua, yaani kupokea, wakati kazi zetu nyingi zinakwama kwenye kupakia, yaani kutuma. Mkutano wa video wenye picha safi unataka megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Laini za zamani za waya wa shaba zilitengenezwa zipokee kingi na zitume kidogo, kwa hiyo nyumba inaweza kuonekana ina mtandao wa kutosha mpaka watu wanane wafungue mikutano yao kwa wakati mmoja. Tulikuwa na mwenzetu mhariri wa video. Kila alipopakia kazi yake mchana, nyumba nzima iliganda: nyuso zilisimama kwenye skrini, sauti zikakatika, milango ikafunguliwa mmoja baada ya mwingine na kila mtu akauliza kama ni yeye tu. Hakuwa na kosa, ndiyo kazi yake. Tulikubaliana mafaili makubwa yaende usiku, na amani ikarudi.

Nyumba nyingine ilitegemea setilaiti za aina ya zamani, zile zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Maneno yako yanapanda huko na kushuka, na jibu linapanda na kushuka vilevile. Hata kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, safari hiyo inakula karibu nusu sekunde kabla mitambo haijaongeza ucheleweshaji wake. Nusu sekunde ni nyingi mno katika mazungumzo. Unanyamaza kumpisha mwenzako, naye ananyamaza kukupisha, kisha mnaanza pamoja, mnaombana radhi pamoja, mnanyamaza tena. Dada mmoja aliyekuwa akiuza huduma za bima kwa njia ya video alilalamika kwamba wateja wanamwona hana adabu, anawakatiza. Setilaiti mpya zinazoruka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi zimeondoa karibu adha hiyo yote. Ila zinataka anga wazi, na matawi yakiziba anga mawasiliano yanakatika kila baada ya dakika chache. Kwa hiyo miti uliyoifuata huko porini ndiyo inayokukatia mkutano. Nilicheka nilipolitambua hilo. Mwenyeji wetu, aliyekuwa akitafuta mahali pa kusimika mlingoti, hakucheka.

Siku hizi kabla ya kulipa naomba picha ya kipimo cha kasi iliyopigwa saa za kazi, siku ya kazi, nyumba ikiwa na watu. Nauliza pia kama kuna njia ya pili, hata ruta ndogo ya laini ya simu, na kama ruta kuu ina betri yake umeme ukikatika. Ruta inatumia umeme kidogo sana, na betri ya wastani inaweza kuiendesha kwa saa kadhaa. Mwenyeji anayejua majibu bila kwenda kuuliza, huyo ameshaishi na wafanyakazi. Anayejibu kwa kunitumia picha ya machweo namshukuru na kuendelea kutafuta.

Kuhusu viti sitasema mengi. Ukumbi mzuri wenye mbao za kale na viti vya kulia chakula utakuharibia mgongo ndani ya wiki mbili. Kelele ni jambo zito zaidi. Watu huja wakiamini kijijini ni kimya, na nje ni kimya kweli, lakini ndani mnakuwa kumi na mbili na kila mmoja ana mikutano. Nyumba iliyolimaliza tatizo hilo vizuri kuliko zote nilizoishi iligeuza ghala la nafaka kuwa vibanda vitatu vya kupigia simu, kuta zikatandikwa magodoro ya zamani. Havikupendeza hata kidogo. Ila ukumbi ulibaki wa kimya na watu walipenda kukaa humo pamoja bila kusemezana, na ukimya wa namna hiyo, wa watu wengi wanaofanya kazi, ni kitu nilichokikosa kwa miaka yote niliyofanyia kazi peke yangu.

Sasa maumbile yenyewe, maana ndiyo yanayouza vitanda. Kwenye nyumba hizi utasikia mara nyingi kwamba sayansi imethibitisha miti inaponya. Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Roger Ulrich, uliochapishwa mwaka 1984 kwenye jarida la Science. Alipitia kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, za wagonjwa waliotolewa kifuko cha nyongo kati ya 1972 na 1981, akawalinganisha 23 ambao madirisha yao yalitazama miti na 23 waliotazama ukuta wa matofali. Wa miti walikaa hospitalini siku 7.96 kwa wastani, wa ukuta siku 8.70, na wa miti walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Ni utafiti mzuri. Lakini tofauti yenyewe haifiki siku moja, na ulihusu watu waliolala kitandani wakitazama nje, si watu wanaotazama jedwali la hesabu huku dirisha likiwa nyuma ya mgongo wao.

Nilichojifunza kwa vitendo ni kidogo na ni cha kawaida: geuza meza ielekee dirishani, na toka nje kabla ya kuwasha kompyuta, si baada ya kuizima. Baada ya kazi giza limeshaingia, mbu wametoka, njia ina matope, na kitanda kinaita. Nimewaona watu wakimaliza mwezi mzima hatua mia moja kutoka msituni bila kuuingia zaidi ya mara mbili. Mwajiri wako hahamii kijijini pamoja nawe. Barua pepe ni zilezile na tarehe za mwisho ni zilezile. Kama ofisi yenu iko upande mwingine wa dunia, hali ni ngumu zaidi. Binti mmoja wa huduma kwa wateja alifanya kazi usiku kucha na kulala mchana, madirisha yakiwa yamefunikwa blanketi. Nilimuuliza kwa nini asikae tu mjini. Akaniambia, "Mjini nikiamka saa nane mchana hakuna anayejua. Hapa nikiamka kuna mtu ameniwekea chakula."

Hapo ndipo jikoni inapoingia, na jikoni ndiyo nyumba yenyewe.

Nyumba ya kwanza niliyoishi ilikuwa na utaratibu wa kila mtu na lake: rafu yako, mafuta yako, sufuria ya atakayewahi. Katika wiki ya pili majina yalianza kuandikwa kwenye vifuniko. Katika wiki ya tatu kikatokea kikaratasi kilichobandikwa juu ya sinki, hakina jina la mwandishi, kimeandikwa kwa herufi kubwa. Nimeona vikaratasi vya namna hiyo sehemu nyingi, na kila nilipokiona kimoja nilijua nyumba imeshakufa, watu wanamalizia kodi tu. Kikaratasi kisicho na jina maana yake ni kwamba mtu ana jambo na wenzake na hakuna mahali pa kulisemea.

Nyumba niliyokaa muda mrefu kuliko zote ilikuwa na mfuko mmoja wa jikoni ambao kila mtu alichangia mwanzo wa wiki, wapishi wawili kila jioni kwa zamu, wengine wawili wa vyombo, na kikao kila Jumapili usiku. Kikao kilikuwa cha nusu saa na kilichosha, sitaki kukipamba. Tulijadili sifongo. Tulijadili nani hubakiza kijiko kimoja cha kitu kwenye chombo ili asionekane amekimaliza. Lakini mambo yalisemwa uso kwa uso, na anayesemwa alikuwepo. Aliyekosa zamu mara ya kwanza alitaniwa. Mara ya pili alipewa zamu mbili. Mara ya tatu mwenyeji alimwita pembeni, na nilishuhudia mmoja tu akifikia hapo.

Baadaye nilipomsoma Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, niliona sinki letu ndani yake. Katika kazi yake ya mwaka 1990 alichambua jamii zilizotunza malisho, mifereji na misitu ya pamoja kwa karne nyingi bila mali hizo kufujwa. Alikuta mambo yanayojirudia: wanaotumia kitu ndio wanaotunga kanuni zake, kuna anayeangalia kama zinafuatwa, adhabu huanza ndogo na kupanda polepole, na kuna mahali pa karibu pa kumalizia ugomvi. Mfano wake mmoja ni Törbel, kijiji cha milimani Uswisi, chenye kanuni ya tangu mwaka 1517 inayomkataza mwenyeji kupeleka malisho ya pamoja ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha mwenyewe majira ya baridi. Ni kanuni fupi, rahisi kukaguliwa, na haihitaji kikaratasi. Wenyeji wa nyumba za pamoja wanaopenda kuandika kanuni zenye kurasa nane wangejifunza kitu hapo.

Kuna la Wadenmark pia. Sættedammen, kaskazini mwa Copenhagen, ilikamilika mwaka 1972, na ndiyo inayohesabiwa kuwa mtaa wa kwanza wa makazi ya ushirika wa kisasa. Watu huitaja kwa sababu ya nyumba ya pamoja wanakokula jioni. Mimi navutiwa zaidi na jambo jingine: kila familia ilibaki na jiko lake. Waliojenga walijua kwamba mtu anakula na wenzake kwa raha pale anapokuwa na uwezo wa kutokula nao. Katika nyumba zetu jiko la kila mtu haliwezekani, lakini birika na friji ndogo kwenye ghorofa ya pili vinatosha. Siku ambayo hutaki kuona uso wa mtu, unakunywa chai yako chumbani na hakuna anayekuuliza kulikoni. Nyumba zinazolazimisha ukaribu, zenye mduara wa kuelezana hisia kila asubuhi na michezo ya kufahamiana, zimenichosha haraka kuliko zenye vikaratasi.

Kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba jikoni nzuri haitoshi ikiwa watu hawakai. Niliishi kwenye nyumba iliyopokea wageni hata wa usiku mmoja, kama watakavyo, ili vitanda visilale bure. Kwa mwenye nyumba hesabu inaeleweka. Kwa anayeishi humo, kila Jumatatu ni kuanza upya: unatoka wapi, unafanya kazi gani, umekuja kwa muda gani. Mwanzoni nilijibu kwa furaha. Kisha kwa kifupi. Ikafika mahali wakaaji wa muda mrefu tukawa tunasubiri kuona mgeni atafikisha siku ngapi ndipo tujifunze jina lake, jambo la aibu kwa watu waliosafiri hadi kijijini kutafuta jamii.

Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha makadirio ya muda ambao watu huhitaji hadi wawe marafiki: karibu saa 50 za kuwa pamoja kutoka kufahamiana hadi urafiki mwepesi, kama 90 hadi urafiki wa kweli, na zaidi ya 200 hadi urafiki wa ndani. Aligundua pia kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazijengi sana kama saa za kula, kupiga soga na kukaa tu. Piga hesabu. Mlo wa jioni wa saa moja na nusu na matembezi ya Jumamosi havifikishi hata saa 20 kwa wiki. Wiki moja hairuhusu hata urafiki mwepesi. Mwezi mmoja unaugusa. Ndiyo maana nyumba zenye masharti ya kukaa angalau mwezi, ambazo niliziona za kibabe nilipokuwa mgeni wa mambo haya, ndizo pekee ninazozitafuta sasa.

Nina ushahidi wangu mdogo. Nikiwa kwenye nyumba ile ya vikao vya Jumapili niliamka na homa, nikashindwa kushuka. Sikumwambia mtu. Kabla ya saa nne mlango ukagongwa, na aliyegonga alikuwa yule mwenzangu wa zamu ya vyombo, kijana ambaye tulikuwa tumebishana usiku uliopita kuhusu mpangilio wa sahani. Alisema tu, "Kaka, kikombe chako bado kimetundikwa." Alikuwa amezoea kukiona kimeshatumika kufikia saa hiyo. Hakuna mchezo wa kufahamiana unaofundisha hilo. Linatoka kwenye kuosha vikombe vilevile, vya watu walewale, hadi unajua cha nani hakijaguswa.

Msimu pia una neno. Miezi ya jua na likizo nyumba hujaa wapiga picha. Miezi ya mvua, njia zikiwa mbovu na vitanda nusu viko wazi, hubaki wanaotaka kuwepo. Bei hushuka, zamu huja haraka kwa sababu mko wachache, na mnafahamiana kwa lazima. Mimi nachagua kwenda msimu wa mvua.

Halafu kuna kijiji chenyewe, ambacho matangazo hukitaja kwa maneno mawili, "wenyeji wakarimu". Swali nililoulizwa mara nyingi zaidi na wenyeji halikuwa nimetoka wapi. Lilikuwa: unaondoka lini? Hawakuuliza kwa ubaya. Mzee aliyekuwa jirani yetu, ambaye njia ya kwenda shambani kwake ilipita ubavuni mwa nyumba, alinieleza bila kuzunguka. "Mwanangu, nikishamjua mtu jina, anakuwa ameshaaga. Sasa nauliza kabisa, nijue kama nimsalimie au nimzoee."

Wageni wengi wa nyumba hizi hujisikia wana deni kwa kijiji na hujaribu kulilipa kwa kitu ambacho hakijaombwa: warsha. Nimekaa kwenye warsha ya kutengeneza tovuti ambayo waliohudhuria walikuwa sisi wenyewe na mke wa mwenyeji. Waliyoyataka majirani yalikuwa madogo na ya kuchosha zaidi. Mtu wa kuwajazia fomu za serikali zilizohamia mtandaoni. Mtu wa kukaa na watoto wakati wa masomo ya jioni, siku ileile kila wiki. Magari yasizibe njia. Taa za uani zizimwe usiku kwa sababu zinasumbua mifugo. Mboga zinunuliwe kwao badala ya kuletwa na lori. Mambo haya yanadai mtu aliyepo Jumanne hii na Jumanne ijayo, na tunarudi palepale kwenye muda.

Na kuna kodi za nyumba. Kijiji chenye nyumba tano tupu kikigunduliwa na watu wenye mishahara ya mijini, bei ya zile tano haibaki ilivyokuwa, na kijana wa pale anayetaka kuoa na kujenga maisha ndiye wa kwanza kuumia. Wenye nyumba za pamoja hawapendi kulizungumza. Bora yao ni wale wanaokarabati magofu ambayo hakuna aliyeyataka, badala ya kununua nyumba inayokalika.

Mfano ninaouheshimu zaidi ni Kamiyama, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Tokushima, Japani. Huko hawakuanza na wafanyakazi wa mtandaoni. Walianza mwaka 1999 na wasanii, wakiwaalika kuishi na kufanya kazi pale kwa miezi kadhaa, na wenyeji wakazoea polepole kuwa na wageni wanaokaa. Mkoa ulikuwa umeshasambaza faiba, nyaya za intaneti ya kasi, vijijini, na kuanzia 2010 kampuni za teknolojia zikaanza kufungua ofisi ndogo kwenye nyumba za kale. Lililo adimu zaidi ni kwamba shirika la wenyeji, Green Valley, lilijipa haki ya kuchagua: nyumba fulani tupu ikawekwa kwa ajili ya mtu wa ufundi fulani ambao mji unauhitaji. Mwaka 2011 waliohamia Kamiyama walizidi waliohama, katika mji uliokuwa umepungukiwa watu kwa miongo. Sidai kila kijiji kinaweza kuiga. Ila swali la nani anamchagua nani lilipinduliwa pale, na mgeni ndiye aliyelazimika kueleza ana faida gani.

Habari za viza nazipita haraka, kwa kuwa hubadilika kila mwaka. Estonia ilifungua viza ya wafanyakazi wa mbali mwaka 2020, Ureno mwaka 2022, na nchi nyingi zimefuata. Kinachowashika watu si kibali cha kuingia, ni kodi ya mapato. Nchi nyingi hukuhesabu mkaazi wa kikodi ukifikisha siku 183 ndani ya mwaka, na nyingine zina vigezo vya chini ya hapo. Ukipenda mahali ukaongeza mwezi, na mwingine, zungumza na mhasibu kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba.

Kuhusu wenyeji wanaoziendesha nyumba hizi, wale wazuri niliowajua walikuwa wamechoka. Mtu mmoja ndiye fundi bomba, mpatanishi, mhasibu, dereva wa kupeleka watu kituo cha basi na bega la kulilia, na anaishi kazini. Nyumba mbili nilizozipenda zimefungwa, na hakuna iliyokosa wateja. Nikiona mwenyeji hana siku ya mapumziko kwenye ratiba, sipangi kukaa muda mrefu, kwa sababu yeye hatafika mwisho wa mwaka.

Majuzi nilikuwa natafuta pa kukaa msimu ujao wa mvua. Nilimwandikia mwenyeji wa nyumba ambayo sijawahi kuifika, nikauliza maswali yangu ya kawaida: kasi ya kupakia saa nne asubuhi, muda wa chini wa kukaa, nani anaosha vyoo, na yeye mwenyewe anapumzika lini. Alijibu jioni yake. Kipimo cha kasi kilionyesha megabiti 22 za kupakia. Muda wa chini ni wiki sita. Vyoo vina zamu, na jina lake limo. Jumatano huwa hayupo, simu anazima, na nyumba ikiungua tuite jirani. Nikatuma arubuni usiku uleule.